Uso wa Claudette kwa Kokwa za Tende

Basi la shule lilimshusha Rawya mbele ya nyumba yao, mji wa Samad Ash Shan huko Omani, kila siku saa nane mchana. Alivua viatu, akala, akafua kitambaa chake cha kichwa, kisha akakaa uani na beseni la maji kuosha kokwa za tende. Baba yake, Nadhir, alikuwa mtunza ghala kwenye kiwanda kidogo cha tende. Pale tende hutolewa kokwa, zikapondwa na kufungwa kwenye pakiti, na kokwa zenyewe hutiwa magunia zikauzwa kuwa chakula cha mbuzi na ng'ombe. Miaka kumi na saba Nadhir alikuwa ghalani. Wasimamizi wanne walikuwa wamepita juu ya kichwa chake, wote wana vyeti vya kutundika ukutani, na hakuna hata mmoja aliyeweza kujua tende ya Khalas na tende ya Fardh bila ya kusoma kibandiko.

Nyumbani walizungumza Kiswahili, kwa kuwa Nadhir alizaliwa Bujumbura, na mkewe pia. Mkewe, Allah amrehemu, alifariki mwaka wa tatu sasa. Gari la wagonjwa lilichelewa, na tangu siku ile Nadhir alikuwa mtu wa kulalamika. Akisikiliza redio alilalamika. Akiona shimo barabarani alilalamika. "Wakubwa!" alikuwa akisema, kama mtu aliyeuma kitu kichungu. "Wao kwenye ubaridi, sisi kwenye jua!" Na mara nyingi, lazima tuseme kweli, alikuwa na haki.

Rawya alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kokwa alizokuwa akiosha zilikuwa na kazi. Mwalimu wao wa sanaa, Mwalimu Shatha, aliwapa wanafunzi wa klabu mradi mmoja mkubwa. Mwalimu huyu mamake alikuwa mtu wa Unguja, na wale wasichana wachache waliojua Kiswahili alizungumza nao Kiswahili nje ya darasa.

"Kila mmoja achague mtu mmoja katika wale waliopigania haki za watu weusi kule Marekani," aliwaambia. "Mtengeneze uso wake kwa kitu ambacho hakuna anayekitazamia. Rangi ya kopo sitaki. Kalamu sitaki. Kila kitu kitoe rangi yake chenyewe. Na chini ya picha kila mmoja atabandika karatasi na kuandika jinsi alivyofanya kazi, kisha atie saini yake. Picha zote zitakwenda mjini Ibra kwenye maonyesho na mashindano ya shule."

Hala, rafiki yake Rawya, alimchagua Rosa Parks na akaamua kumtengeneza kwa vifuniko vya chupa za soda. Aliposikia kuwa Rawya atatumia kokwa za tende alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kokwa? Mbuzi wetu akiiona picha yako ataanza na pua."

"Na wewe vifuniko vyako umeviokota jalalani."

"Jalala la harusi ya shangazi yangu, yakhe. Jalala la heshima!"

Lakini Rawya hakujua amchague nani. Mwalimu Shatha ndiye aliyemwonyesha picha ya zamani ya msichana aliyevaa miwani, uso wake mweusi umetulia, macho yanatazama mbele.

"Huyu anaitwa Claudette Colvin," alisema mwalimu. "Alikuwa na miaka kumi na mitano. Mwezi wa Machi, mwaka elfu moja mia tisa hamsini na tano, alikuwa kwenye basi akitoka shule, mji wa Montgomery. Sheria ya huko ilikuwa mtu mweusi amwachie mzungu kiti. Dereva akamwambia ainuke. Hakuinuka. Polisi walimkokota wakampeleka jela. Rosa Parks alifanya hivyo hivyo, lakini miezi tisa baadaye."

"Mbona simjui, mwalimu? Rosa Parks ninamjua."

"Kwa sababu waliokuwa wakiongoza hawakumtaka yeye awe mbele. Walisema bado mtoto. Lakini mwaka uliofuata alikwenda mahakamani, akasimama mbele ya majaji, akasema yaliyompata. Kesi ile ndiyo iliyoondoa sheria ya mabasi."

Rawya aliitazama picha muda mrefu. Katika darasa lao hakuna aliyekuwa mweusi kumpita yeye. Mara moja msichana mmoja alimwambia ameungua kama sufuria, na wengine wakacheka, na mwalimu aliyekuwa zamu akajifanya hakusikia.

"Nitamtengeneza huyu," alisema.

"Vizuri. Ila sikiliza. Usimpunguze weusi. Watu wengi wakichora uso mweusi huogopa, wakaupausha. Wewe usiogope."

Jioni ile Rawya alimweleza baba yake. Nadhir aliposikia kuwa viongozi walimweka Claudette nyuma, alipiga paja.

"Umeona? Huko nako! Wakubwa ni wale wale, bahari tu ndiyo inayowatenga." Kisha akainuka, akaleta kikaango cha chuma. "Kokwa mbichi ni za rangi ya mchanga. Ukitaka nyeusi, lazima ukaange. Bibi yako alikuwa akikaanga akisaga, akanywa kama kahawa. Tazama."

Alitia kokwa konzi mbili, akawasha moto mdogo, akaanza kukoroga polepole kwa mwiko. Baada ya dakika kumi kokwa zilikuwa rangi ya mdalasini. Baada ya dakika ishirini na tano zilikuwa rangi ya kahawa. Ilichukua karibu saa nzima kupata weusi wa kweli, weusi unaong'aa kidogo, na jikoni kote kulinukia.

"Moto mdogo, na mkono usisimame," alisema Nadhir. Alipasua moja kwa nyundo. "Angalia ndani. Nyeusi mpaka katikati. Ukitia moto mkubwa, nje inaungua, inapasuka, unabaki na makaa."

Rawya alipewa wiki tatu. Siku kumi za mwanzo aliosha kokwa kidogo na kucheza na simu sana. Siku nane zilizofuata alipanga kazi vizuri: alichora uso kwa penseli hafifu juu ya ubao mkubwa, akaanza kubandika kokwa moja moja kwa gundi ya seremala, mgongo laini juu, mfereji chini. Alifuata umbo la uso, kokwa zikazunguka jicho na kuteremka puani kama maji yanavyopita kwenye falaji, mfereji wa mashambani. Fremu ya miwani aliifanya kwa kokwa mbichi, na paji la uso kwa zile za rangi ya kahawa. Ilikuwa kazi nzuri sana, na yeye mwenyewe alijua.

Zikabaki siku tatu, na mashavu yote mawili na shingo havijaguswa. Hapo ndipo palipohitaji weusi wa kweli, kokwa mia tano au zaidi. Rawya alitia kokwa nyingi mara moja kwenye kikaango, akafungulia moto wote. Moshi ulijaa jikoni. Kokwa zilipasuka pa, pa, pa, na alipozimimina zilikuwa makaa matupu yaliyomchafua vidole. Akajaribu tena. Zikaungua tena. Alitupa mwiko, akakaa chini akalia kwa hasira.

Alipoinua macho aliona kwenye rafu kopo la asali ya tende, ile tunayoiita dibs, nyeusi na nzito. Alichovya kokwa moja. Ikatoka nyeusi, inang'aa, nzuri kuliko iliyokaangwa. Akaiweka mbele ya feni. Ikakauka, au ilionekana imekauka.

"Dibs si rangi ya kopo," alijiambia. "Dibs imetoka kwenye tende, na kokwa imetoka kwenye tende. Ni kitu kimoja."

Mchana ule mmoja alichovya kokwa zote mia tano, na siku zilizobaki akazibandika.

Mwalimu Shatha aliisogelea picha. Kisha akainama karibu na mashavu. "Rawya! Weusi huu umeupataje?"

"Nimekaanga, mwalimu. Moto mdogo. Saa nzima kila kikaango."

"Zote?"

"Zote."

Kisha Rawya aliandika hivyo hivyo kwenye karatasi ya kubandika chini ya picha: Kokwa zote nimezikaanga mwenyewe kwa moto mdogo. Akatia saini. Mwalimu akaipiga picha kwa simu, akasema wallahi hajawahi kuona kazi kama ile kwa mwanafunzi.

Siku ya kupeleka picha Ibra walipanda basi la Mzee Hood. Basi lilikuwa lake mwenyewe, na shule ilikuwa na mkataba naye wa kuwachukua wanafunzi. Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mpenda masihara, na Kiswahili chake kilikuwa cha Bujumbura kama cha Nadhir.

"Shikamoo, baba Hood," alisema Rawya akipandisha ubao.

"Marahaba, binti. Huyu naye ni abiria? Miwani yake mizuri. Mwambie afunge mkanda."

Walifika saa nne asubuhi. Mlango wa ukumbi ulikuwa umefungwa, kwa kuwa kamati ya maonyesho ilikuwa bado haijafika, na mlinzi alikataa kufungua bila ya kamati. Pembeni palikuwa na maegesho yenye mapaa ya kitambaa, kivuli kizuri, nafasi nane, zote tupu. Mzee Hood alitaka kuliingiza basi pale. Mlinzi alimrudisha.

"Hizi za wakubwa."

"Wakubwa wako wapi?"

"Watakuja."

Basi likabaki juani. Wasichana walipelekwa kukaa kwenye baraza ya jengo la jirani, na Ustadha Tahira, naibu mkuu wa shule, aliyewafuata kwa gari lake, alisema picha zikae ndani ya basi zisije zikaguswa na watu. Mzee Hood akafungua madirisha yote. Mwezi wa tano Ibra, madirisha yanasaidia nini? Saa sita na robo wakubwa wa kamati walifika, wakaegesha kivulini, wakafungua mlango.

Rawya ndiye wa kwanza kupanda basini. Alisimama pale pale kama mtu aliyegonga ukuta. Dibs ilikuwa imeyeyuka. Ilikuwa imeteremka kwenye ubao kwa michirizi mirefu myeusi, ikapita shingoni, ikadondoka kwenye kiti. Gundi ilikuwa imelainika nayo, na kokwa nyingi zilikuwa zimeteleza zikarundikana chini. Zilizobaki mashavuni zilikuwa zimerudi rangi ya mchanga. Claudette alikuwa amepauka. Inzi walikuwa wamekwisha kuja.

Hala aliingia nyuma yake. "Yaa Rabbi! Nini hiki?" Alitazama picha yake, akatazama ya Rawya. "Mbona Rosa wangu mzima?"

"Wako wa chuma!" alifoka Rawya. Akaanza kulia, na alipoulizwa kulikoni alisema neno moja tu: "Jua."

Jioni alilirudia neno hilo kwa baba yake. Alimweleza habari za mlango kufungwa, na mapaa ya wakubwa, na basi juani. Yote yalikuwa kweli. Hakusema habari ya dibs. Nadhir hakumaliza hata chai yake.

"Kivuli kwa magari matupu! Na kazi ya watoto juani! Kesho nitakwenda mimi. Nitawaambia usoni."

"Baba, basi tu, acha..."

"Gari la mama yako lilipochelewa, sikuacha kwa kuwa nilipenda. Niliacha kwa kuwa sikujua nimwambie nani. Safari hii najua."

Rawya alitaka kusema. Akachukua vikombe akaenda kuviosha.

Asubuhi Nadhir alisimama mbele ya meza ya Ustadha Tahira, kanzu yake imepigwa pasi, sauti yake inasikika mpaka uwanjani. Mwalimu Shatha alikuwapo, na Rawya akaitwa asimame karibu na mlango. Walizungumza Kiarabu. Nadhir aliyasema yote: wiki tatu za kazi ya mtoto, nafasi nane za kivuli, wakubwa waliochelewa zaidi ya saa mbili. Ustadha Tahira alipanga karatasi zake zilizokuwa zimepangika tayari. Yeye ndiye aliyesema picha zibaki basini, na alilijua hilo.

"Unayo haki kukasirika, ndugu yangu," alisema. "Uzembe umetokea. Lakini basi lina dereva. Dereva ndiye mwenye dhamana ya vilivyomo ndani ya basi. Nimekwisha kumwandikia onyo la mwisho. Mkataba wake hautaendelea mwaka ujao."

Nadhir hakuja kwa ajili ya Hood. Lakini hasira ikishawashwa haichagui, na mtu wa kumtupia alikuwa amepatikana.

Mzee Hood aliitwa. Aliingia ameshika kitambaa kilichoganda weusi.

"Nimesafisha kiti," alisema. "Ustadha, hili si jua tupu. Hii ni dibs. Nimeinusa, nimeilamba. Kokwa iliyokaangwa haiyeyuki hata ukiitia motoni."

"Unamsingizia mtoto?" Ustadha Tahira alisema. "Kazi yake imeandikwa na kutiwa saini. Karatasi hii hapa."

Nadhir akamgeukia Hood, na sasa akasema kwa Kiswahili. "Mzee Hood! Mwanangu mwongo? Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kukaanga!"

"Sikusema mwongo, Nadhir. Nimesema dibs."

"Unajikinga kwa mtoto yatima!"

Mzee Hood alimtazama Rawya mara moja tu, bila ya ukali, kisha akaangalia sakafu. Ustadha Tahira alisukuma karatasi na kalamu mbele yake. Mzee aliishika karatasi karibu na uso, akaitenga mbali, akatafuta miwani yake mfukoni asiipate. "Nisomeeni nimeandikiwa nini," alisema. Hakuna aliyemsomea. "Tia saini tu hapo chini," aliambiwa.

Rawya aliutazama mkono ule wa mzee unavyoitafuta sehemu ya kutia saini. Huyu alisema kweli na hakuna aliyemsikiliza, kwa kuwa alikuwa dereva tu. Yeye alikuwa amesema uongo, na ofisi nzima ilikuwa upande wake, hata wale ambao baba yake aliwachukia. Alifikiri kuwa akinyamaza dakika moja tu, jambo litakwisha. Na alijua kuwa halitakwisha.

"Baba Hood, usitie saini!"

Wote waligeuka.

"Ni dibs," alisema, kisha akarudia kwa Kiarabu ili wote wasikie. "Ni dibs. Niliunguza kokwa. Nilicheza siku kumi, wakati ukanipita, nikazichovya kwenye dibs nikaandika nimezikaanga. Mwalimu, nilikudanganya. Baba, na wewe pia. Yeye hana kosa."

Nadhir alikaa kwenye kiti ambacho hakukaribishwa. Ustadha Tahira aliivuta karatasi ya onyo polepole, akaitia kwenye droo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeponea chupuchupu.

"Basi," alisema. "Kumbe hapakuwa na uzembe wowote. Jambo zima ni la mwanafunzi. Picha imeondolewa kwenye mashindano. Na wewe, ndugu yangu, tafadhali ukija tena ofisini kwangu usipige kelele."

"Na kivuli?" Nadhir alisema kwa sauti ndogo. "Na mlango uliofungwa?"

"Kivuli gani tena?" Ustadha Tahira aliinuka. "Mwanao amekwisha kusema."



Mzee Hood alisubiri nje, karibu na basi. Rawya alimfuata akiwa ameinamisha kichwa. "Nisamehe, baba Hood. Nilikuwa nakuona unaonewa, na mimi nikanyamaza."

"Ulinyamaza, ndiyo. Iliniuma." Mzee alikunja kitambaa kile kilichoganda. "Lakini hukunyamaza mpaka mwisho. Nimekusamehe. Siku nyingine ukitaka kubeba dibs niambie mapema, nije na mkate."

Nadhir alikuja akasimama mbele ya Mzee Hood. Alianza sentensi tatu na hakuna iliyofika mwisho. Mzee alimpa mkono tu, akaushika muda mrefu.

Walipofika nyumbani Nadhir aliingia jikoni, akatoa kikaango, akakiweka mezani kwa kishindo.

"Maonyesho yanakwisha lini?"

"Alhamisi. Lakini nimeondolewa, baba."

"Umeondolewa kwenye mashindano. Picha ni picha. Osha kokwa."

Siku nne, kila mchana, Rawya alisimama mbele ya jiko. Jasho lilimtiririka, mkono ulimuuma mpaka begani, na hakuna hata mara moja iliyokwenda upesi. Mara ya kwanza aliongeza moto kidogo, baba akaupunguza bila ya kusema. Hala alikuja kusaidia kung'oa kokwa za zamani na kuukwangua ubao.

"Claudette huyu ana subira," alisema Hala. "Mimi ningekuwa nimeshuka nikaenda zangu."

"Wala yeye hakushuka."

"Ndiyo maana nikasema ana subira!"

Mwalimu Shatha aliomba ruhusa kwa kamati. Walikataa picha isiingie mashindanoni, walikataa isitundikwe ukuta wa mbele, wakakubali itundikwe ukuta wa nyuma, karibu na mlango wa stoo, kwa siku moja ya mwisho. Rawya aliandika karatasi mpya. Aliandika kuwa picha ya kwanza aliifanya kwa udanganyifu, ikaharibika, na mtu asiye na kosa akakaribia kuadhibiwa kwa ajili yake; kokwa za hii ya pili amezikaanga kweli. Akatia saini kwa herufi kubwa.

Alhamisi watu walikuja. Wengi waliishia ukuta wa mbele. Lakini waliofika nyuma walikaa. Mama mmoja wa makamo, mtu wa Ibra, alisimama mbele ya picha na binti yake mdogo mweusi, akamwinua akamwonyesha mashavu yale. Mtoto akasema, "Mama, kama mimi." Rawya alisikia, akageukia ukuta ili asionekane uso.

Zawadi zilitolewa kwa wengine. Hala alipata ya tatu, akapiga vigelegele mwenyewe kwa kuwa shangazi yake hakuwapo kumpigia. Ustadha Tahira alipita haraka mbele ya ukuta wa nyuma bila ya kusimama. Nadhir alimtazama mpaka akatoka mlangoni. Rawya alingoja baba yake aanze kupiga kelele. Hakuanza. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na stoo, akamvuta binti yake akae naye.

"Nina hasira, Rawya," alisema. "Lakini leo si na wewe. Nataka unisikilize. Wale walioacha kivuli kitupu walikosea. Hilo ni kweli, na lilikuwa kweli tangu mwanzo. Ningeweza kulisema mbele yao na wasiwe na pa kutokea. Wewe ukaweka uongo mmoja juu yake, na mimi nikaubeba mpaka ofisini bila ya kuuangalia, kwa sababu nilikuwa nautamani. Basi kweli yetu yote ikafa pale. Umemwona Ustadha alivyoinuka? Sisi ndio tuliomfungulia mlango. Na kabla ya hapo karibu tumvunjie Hood nyumba yake, mtu kama sisi."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Na mimi nimekwisha kumwomba Hood msamaha jana, sentensi nzima safari hii." Aliigeukia picha. "Mtu mdogo hana cheo, hana gari, hana kivuli. Silaha yake ni moja, ni kuwa akisema jambo, ni kweli. Akiichezea hiyo, hana tena la kusimamia. Huyu Claudette wako alikuwa mtoto, na wakubwa wake walimweka nyuma, lakini alipofika mbele ya majaji alikuwa na neno safi, na neno likafanya kazi. Fanya kazi yako polepole mpaka iive ndani. Ukikosea, sema umekosea wewe. Halafu siku ukisema wao ndio waliokosea, watakaa wakusikilize."

Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa. Alikuwa ameiandika mwenyewe, kwa mwandiko wake wa mtu aliyesoma miaka minne tu: habari ya mlango uliofungwa, saa ngapi hadi saa ngapi, na nafasi nane za kivuli zilizokuwa tupu. Hakuongeza kitu, hakutukana mtu.

"Nisomee," alisema. "Kama kuna neno lisilo la kweli, lifute. Kisha tuipeleke kwa kamati, wewe na mimi, kabla hawajaondoka."

Rawya aliisoma yote, mara mbili. Hakufuta neno. Wakainuka wakaenda.